Acheni kumsingizia nyungunyungu

Kuna uongo mmoja ambao wengi wetu tuliumeza tukiwa shule ya msingi: ukimkata nyungunyungu katikati unapata nyungunyungu wawili. Tuliuandika kwenye madaftari, kisha tukaenda shambani tukawakata kwa jembe tukijua tunawazidisha. Hakuna aliyerudi siku ya tatu kutazama.

Ningeuacha uongo huu uishi na wenzake (tunao wengi) kama ungebaki shambani. Lakini umepanda jukwaani. Kazi yangu ni kuzunguka na kalamu kwenye vikao na mikutano, na huku Handeni na Korogwe nimeshausikia zaidi ya mara moja: wilaya ni kama nyungunyungu, igaweni tu, kila kipande kitaota kichwa chake na maendeleo yatakuja mara mbili. Watu wanapiga makofi. Na msomi mwenzangu, mwenye digrii yake kabatini, naye anapiga makofi!

Basi jamani, tumtazame nyungunyungu mwenyewe.

Mwili wake ni pingili, kama muwa. Ila pingili hizo hazibebi mzigo sawa. Ubongo, mioyo (ndiyo, anayo zaidi ya mmoja) na viungo vya uzazi vimejazana upande wa mbele, ule wenye mkanda mnene uliomzunguka kama mshipi. Ukimkata nyuma ya mkanda, kipande cha mbele kina nafasi ya kupona. Misuli inabana jeraha, ngozi inalifunika, seli zinakusanyika hapo na kufanya kichipukizi, na kutoka kwenye kichipukizi pingili mpya za mkia zinaota. Kipande cha nyuma je? Kinajinyonganyonga, sisi tunashangilia kwamba kiko hai, halafu kwa kawaida kinakufa. Kwa nyungunyungu wengi, kichwa kipya huota pale tu zilipopotea pingili chache za mbele, na uchache huo hutegemea ni aina gani ya nyungunyungu.

Kuna la kuchekesha hapa, kama halisikitishi. Thomas Hunt Morgan, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1933 kwa utafiti wake wa nzi wa matunda, kabla ya nzi hao alikuwa akikata nyungunyungu. Aliona kwamba kipande cha nyuma kilichokatwa mbali na kichwa kinaweza kuota mkia mwingine mahali pa kichwa. Mikia miwili, mdomo hakuna! Kiumbe hicho hakiwezi kula. Kinaishi kwa akiba iliyomo mwilini mwake mpaka iishe. Na Morgan alionyesha pia kwamba ukiondoa uzi mkuu wa fahamu pale kwenye jeraha, kichwa hakioti.

Najua mjuaji mmoja ataniletea minyoo ya kwenye madimbwi. Sawa, alete. Lumbrikulusi wa maji baridi kweli hujikatakata mwenyewe akazaliana hivyo, na Mswisi Charles Bonnet alishamkatakata tangu miaka ya 1740 akaona vipande vinakuwa minyoo kamili. Baharini yuko Chaetopterus anayeweza kujijenga upya kutoka pingili moja. Lakini ruba, wa ukoo huohuo wa pingili, ukimkata haoti hata moja. Kwa hiyo kuniambia "minyoo huota tena" ni kutoniambia kitu. Niambie ni yupi, amekatwa wapi, na kipande kimebaki na nini.

Sasa turudi wilayani. Mwaka 2002 Handeni ilikatwa ikazaliwa Kilindi, makao makuu Songe. Baadaye mji wa Handeni ukapewa halmashauri yake, na mji wa Korogwe vivyo hivyo. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 276,646 Handeni nje ya mji, 79,056 mjini, na 236,833 Kilindi. Korogwe walikuwa 242,038 nje ya mji na 68,308 ndani yake. Tazama kisu kilipita wapi. Mji wa Korogwe ulibaki na hospitali ya Magunga, stendi, maduka ya barabara kuu. Upande wa pili kukabaki vijiji, kuanzia bondeni mpaka huko juu Usambara.

Sisemi Kilindi isingezaliwa. Handeni ya zamani ilikuwa pori la nchi, na mtu wa Songe kufuata muhuri Handeni lilikuwa jambo la safari. Kuna mikato inayofaa. Ninachokataa ni kuuziwa mkato kwa biolojia ya uongo, bila kuambiwa kichwa kitabaki upande upi na mdomo utatoka wapi. Kwa sababu halmashauri mpya nayo inaanza kula kabla haijapata mdomo: inataka jengo, inataka magari, inataka posho za vikao, wakati ushuru wa soko umebaki kwa jirani. Inajenga kichwa kwa nyama yake yenyewe, na nyama hiyo ni dawa za zahanati na madawati.

Siku nyingine mheshimiwa akisimama na nyungunyungu wake, nyosha mkono umuulize: mkanda uko upande gani?