MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Hata Jiwe Linajua Kushuka

Mwezi huu tuzungumze juu ya magari ya mbao yanayoshuka mlima. Msiseme mchungaji amekosa neno la kuandika. Mnivumilie kidogo.

Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Bunia, kijana mmoja alituonyesha katika telefone yake treni ndogo ya mchezo ya huko Marekani. Reli yake imekaa juu ya nguzo nyingi za mbao. Inapanda kama kilima, halafu inaanguka kama bonde. Watu wameketi ndani, mikono juu, wanapiga kelele. Kijana mwingine akaniuliza: "Pasta, hawa watu wanalipa feza juu ya kuogopa?" Mwenzake akamjibu mbele yangu: "Wewe panda moto ya kwenda Mongbwalu siku ya mvua. Utaogopa, na utalipa vilevile." Tulicheka wote.

Lakini swali lile lilibaki kwangu. Nilipotafuta habari za treni zile, nilikuta jambo ambalo litawafurahisha ninyi mnaokaa karibu na machimbo: mchezo ule ulizaliwa katika kazi ya kuchimba. Mwaka 1827, katika mji wa Mauch Chunk, jimbo la Pennsylvania, watu wa makaa ya mawe walijenga reli ya kushusha mzigo kutoka mlimani mpaka mtoni, kama kilomita 14. Hapakuwa na mashine ya kuvuta. Magari yalishuka kwa uzito wao wenyewe, na mtu mmoja akishika breki. Nyumbu walishuka wakiwa wamepakiwa ndani ya gari kama abiria, halafu kazi yao ilikuwa kuyavuta magari matupu mpaka juu tena. Baadaye njia nyingine ya makaa ilipatikana, na reli ile ikabaki ya kutembeza watu waliotaka furaha tu.

Mwaka 1884 bwana mmoja aitwaye LaMarcus Thompson akajenga reli yake ya mbao pale Coney Island, New York. Abiria alilipa senti 5, na gari lilikwenda polepole, kama kilomita 10 kwa saa. Watu wanasimulia kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, akitaka vijana wapate pahali pa kufurahi mbali na nyumba za pombe. Basi, wazazi, tusikimbilie kuhukumu kila mchezo wa vijana.

Jambo la pili nililojifunza ni namna wenye kupenda treni zile wanavyozipima. Wana hata chama chao huko Marekani tangu 1978. Mtoto anauliza tu: ni ndefu namna gani, na inakimbia namna gani? Lakini mzoefu anauliza mambo mengine. Anakaa mbele mara moja, halafu nyuma mara moja, maana gari la nyuma linavutwa kwa nguvu zaidi kwenye mteremko. Anapanda asubuhi, anarudi jioni, kwa sababu grese ikipata joto gari linakimbia zaidi. Anasikiliza mbao. Reli ile ni mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine, na juu yake ukanda wa chuma. Mbao inainama kidogo gari likipita, halafu inarudi. Ndiyo sababu mafundi wanatembea juu ya reli kila asubuhi wakitafuta ubao uliooza na msumari uliolegea, na gari tupu linapitishwa kwanza kabla ya mtu kupanda.

Iko moja iitwayo Leap-The-Dips, katika mji wa Altoona, Pennsylvania hiyohiyo. Ilijengwa 1902. Mwaka 1985 ilifungwa kwa sababu ya uchakavu, na wengi walifikiri imekwisha. Wenye kuipenda wakachanga feza, mbao zilizooza zikabadilishwa, na 1999 ikafunguliwa tena. Wengine huchagua njia nyingine. Kule Texas treni kubwa ya mbao ya mwaka 1990 ilivuliwa reli yake ya mbao, ikawekewa ya chuma, ikafunguliwa upya 2011. Wapenzi waligawanyika. Hawa walisema imekuwa nzuri kuliko zamani. Wale walisema ni treni nyingine iliyochukua jina la marehemu.

Niliposoma ugomvi huo nilikumbuka jambo nililoliona kwa macho yangu Goma, mwaka 2019. Na hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha.

Ninyi mnaotoka Butembo au Kivu mnaijua chukudu. Kwa wengine nitaeleza. Ni gari la mbao la magurudumu mawili, lenye mikono ya kushika kama kinga, lakini halina kiti wala pedali. Mwenye kuliendesha anaweka goti moja juu ya ubao, mara nyingi penye kipande cha sandali kuukuu kilichopigiliwa misumari, na mguu wa pili unasukuma chini. Kwenye mteremko anapanda na kuachilia. Gurudumu ni mti uliochongwa duara, umevikwa mpira uliokatwa kwenye gurudumu la gari. Kutoka mashamba ya Kibumba na njia ya Rutshuru, kando ya mlima Nyiragongo, chukudu zilishusha makala, viazi na kabeji mpaka Goma. Kubwa inabeba kilo mia nyingi. Mji ule uliijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara, kwa heshima ya kazi hiyo.

Jamaa ya mke wangu wako kule. Baba mmoja wa jamaa alikuwa mtu wa chukudu zaidi ya miaka 20. Kwa kazi hiyo alilisha watoto 6 na kulipa minervali yao. Alipokufa kwa ugonjwa, chukudu yake ilibaki imeegemea ukuta wa jikoni, mvua ikiinyeshea. Baada ya miezi kadhaa kijana mdogo aliichukua bila kuuliza mtu, akapakia magunia 4 ya makala, akashuka nayo. Kipande cha mpira ambacho mguu unakikandamiza juu ya gurudumu la nyuma ili kusimamisha kilikuwa kimekwisha. Hakujua. Aliona mbele yake mama wenye vikapu, akaamua kujitupa kando, juu ya mawe ya volkano. Mama wale hawakuguswa. Yeye alivunjika mkono pahali pawili.

Nilipofika, jamaa walikuwa wamekaa kikao. Mama mjane alisema: "Mkatekate ile kitu, iwe kuni." Kijana mkubwa alisema afadhali iuzwe, feza imsaidie kwenda machimboni Rubaya. Waliniuliza mimi. Ndugu msomaji, nakiri mbele yako: nilijibu haraka. Nilisema iuzwe. Niliona mkono wa mtoto uliofungwa, nikataka tu ile mbao iondoke machoni pa mama yake.

Mzee mmoja jirani, fundi wa chukudu, alikuwa ameketi mlangoni, kimya. Akasema: "Pasta, mbele ya kuhukumu, tuiulize kwanza yenyewe."

Akailaza ubavu. Akachukua mpini wa nyundo, akaanza kugonga mti wa mgongo, ule mrefu unaobeba mzigo wote, kutoka mbele mpaka nyuma, sikio karibu. Mti mzima unatoa sauti safi. Uliooza unajibu kama ngoma iliyolowa. Akagonga mara mbili, mara tatu, halafu akatuita tusikie. Mgongo ulikuwa mzima kabisa. Lakini mti wa mikono ulikuwa na ufa. Gurudumu la mbele lilikuwa limelika upande mmoja, limekuwa kama yai. Tundu la ekseli ya nyuma lilikuwa limepanuka. Na mpira wa kusimamisha hakuna. Akasema: "Mugongo iko muzima. Vingine vyote njo vilichoka."

Kijana mkubwa akauliza kama haifai kuweka mgongo wa chuma, iwe ya kisasa. Mzee akakataa. Juu ya mawe ya Goma, alisema, mti unainama kidogo na kumeza pigo. Chuma kinalipeleka pigo lote katika mikono na goti la mtu. Nilipokuja kusoma habari za Texas miaka ya baadaye, nilimkumbuka.

Matengenezo yalichukua siku mbili. Magurudumu mawili mapya, mpira mpya, rulma mbili zilizotolewa katika gari lililokufa, mti mpya wa mikono. Bei yote haikufika nusu ya bei ya chukudu mpya. Mjane alikaa mbali siku ya kwanza. Siku ya pili alileta yeye mwenyewe sandali ya marehemu, ikapigiliwa misumari pahali pa goti.

Halafu wakaja wapimaji. Hakuna aliyewaita, walikuwa watu wa chukudu waliopita njiani wakaona, wakasimama. Kwanza walizungusha magurudumu hewani, wakasikiliza kimya. Gurudumu la mbele lililia. Likawekewa grese, likapimwa tena. Pili, waliisukuma tupu pahali sawa, mikono ikiachiliwa kidogo, waone kama inavuta upande. Tatu, waliipandisha kilima kidogo ikiwa tupu, maana kila kinachoshuka sharti kirudishwe juu kwa jasho. Kijana mkubwa alikuwa akisema: "Tuishushe tu, tuone mbio yake!" Vijana wote walikuwa upande wake.

Ndipo mmoja wa wale wazee akachora mstari katika vumbi, chini ya mteremko. Akapakia mifuko ya mchanga, mzigo mzima, akashuka mwenyewe. Gurudumu lake la mbele lilisimama kabla ya mstari, labda hatua moja. Akashuka, akawaambia vijana neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Kushuka, hata jiwe linajua kushuka. Chukudu tunaipima pahali inasimama."

Kijana mkubwa hakwenda Rubaya. Alishusha makala miaka mitatu, mpaka vita vya 2022 vilipofunga barabara ya Rutshuru. Tangu hapo alibeba maji na mifuko ya unga mjini. Mdogo wake mkono ulipona, lakini haunyooki vizuri. Sisemi kwamba kila kitu kilitengenezwa. Vingine havitengenezeki, na ndiyo maana inafaa kugonga mti kabla ya kupakia mzigo.

Na hapa kwetu Ituri? Baba anayeingia shimoni Mongbwalu anaijua sauti ya mti unaoshikilia udongo. Unalia kabla ya kuvunjika. Lakini mara nyingi wanaposimulia shimo, wanasimulia limetoa gramu ngapi. Hawasemi nani alipima miti asubuhi ile. Kijana anaponunua moto ya zamani anauliza inakimbia namna gani. Habari ya breki anaiuliza akiwa tayari hospitalini. Huko Marekani wanapita juu ya reli ya mchezo kila asubuhi ubao kwa ubao, ili watu wacheke tu dakika moja. Sisi tunaoteremsha baba zetu ardhini kwa ajili ya mkate, tungepaswa kupima mara ngapi?

Wazee nao nawaambia: msifanye haraka kama mimi. Kitu kuukuu, na pengine mtu aliyeanguka, msikikatie hukumu ya kuni kabla ya kugonga mgongo wake.

Jioni ya kwaya iliyofuata nilimjibu yule kijana: ndiyo, wanalipa ili waogope, lakini wanalipa kwa sababu mtu aliamka mapema akapima mbao. Akanyamaza kidogo. Kisha akatoka nje kutazama breki za moto yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI
1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tunachokitumia kila siku bila kukipima? Nani atakipima juma hili?
2. Tunaposifu kazi au chombo, tunasifu mbio yake au namna kinavyosimama?
3. Kuna kitu cha mzazi aliyetangulia ambacho mgongo wake ungali mzima? Tutakifanyia nini?