Kuzaliwa Usambara si Kinga ya Kibo

Mtu aliyekulia Lushoto huhesabu kupanda mlima kuwa sehemu ya maisha, wala si mchezo. Tangu utotoni hubeba maji, kuni na viazi kwenye njia za miteremko mikali, na safari ya kutoka Lushoto hadi Mtae, ambayo wageni huilipia, kwake yaweza kuwa njia ya kwenda msibani. Si ajabu basi kijana huyo akiitwa Kilimanjaro, awe mpagazi au mpandaji, akaamini kwamba mlima hauna jipya la kumwonyesha. Imani hiyo ni ya hatari, nasi wa sekta ya afya tuna wajibu wa kuisahihisha kabla hajaondoka nyumbani.

Tuangalie vipimo. Mji wa Lushoto uko takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hata vilele vya Usambara havifiki meta 2,500, kimo ambacho ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kwa kawaida. Kambi ya Kibo, kituo cha mwisho cha njia ya Marangu kabla ya kilele, iko kwenye meta 4,700 na ushei. Huko shinikizo la hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya lile la pwani, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni pungufu. Misuli iliyokomaa haifidii upungufu huo. Mwili huhitaji siku za kuzoea.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba, ukishavuka meta 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya meta 500 kwa siku, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Lakini kutoka Mandara hadi Horombo ni takriban meta 1,000, na kutoka Horombo hadi Kibo ni kiasi hichohicho. Kwa hiyo usiku wa pili Horombo usihesabiwe kuwa anasa. Ni sehemu ya kinga.

Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu. Ni jina la fahari, lakini laweza kumziba mtu mdomo. Mgumu huona aibu kusema kwamba kichwa kinamuuma, na zaidi ya aibu huogopa kukosa ujira. Wapo watakaosema kwamba waongoza watalii wanazijua dalili. Ni kweli; ila jicho lao huwa kwa mgeni aliyelipa. Naona ni haki mpagazi aulizwe kila jioni maswali yaleyale anayoulizwa mgeni, na akishushwa kwa ugonjwa, asindikizwe na alipwe ujira wake wote. Pasipo malipo hayo, ushauri wetu wote utashindwa na njaa.

Kwa upande wetu, tumuulize kila anayetuambia kwamba anakwenda mlimani: safari ni ya siku ngapi? Una maradhi ya moyo, ya mapafu, au seli mundu? Je, una mimba? Mgonjwa wa seli mundu aelezwe bayana kwamba mwinuko huo waweza kumletea maumivu makali na hata kifo. Dawa ya asetazolamidi husaidia kuzuia ugonjwa, lakini haichukui nafasi ya kupanda polepole.

Nawe msafiri, shika haya. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida ni amri ya kutopanda zaidi. Ukipepesuka kama mlevi, ukichanganyikiwa, au ukihema ilhali umepumzika, ubongo au mapafu yameanza kujaa maji: shuka mara moja, hata usiku, na usishuke peke yako. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka; anayeshuka mapema hupata nafasi ya kupanda tena.