"Pande Zote" Ndio Akina Nani?

Kila mashariki mwa Kongo kunapowaka moto, wakuu wetu hukutana, hupigwa picha, kisha hutoa tamko: pande zote zisitishe mapigano, pande zote ziwalinde raia. Silijui neno lililowaponza raia wa Kivu kuliko hilo "pande zote".

Zitazameni kambi za watu waliohama makwao zilizokuwa zimeuzunguka mji wa Goma. Ripoti ya Human Rights Watch ya Septemba 2024 ilieleza mambo mawili: M23 na jeshi la Rwanda kuzirushia kambi hizo makombora bila kubagua, na jeshi la Kongo kuweka mizinga yake karibu nazo. Makosa ni mawili, wenyewe wawili, na kila moja lina amri yake: huyu aache kupiga, yule aondoe mizinga. Anayesema "pande zote" hajamwamuru mtu.

Februari 8, 2025, siku chache baada ya Goma kutekwa, EAC na SADC zilikutana Dar es Salaam. Tamko likazungumzia kuondoka kwa majeshi ya kigeni yasiyoalikwa. Utadhani majeshi hayo hayana bendera! Siku 13 baadaye Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaja M23, likalitaka jeshi la Rwanda liache kuiunga mkono na liondoke Kongo. Likalaani pia jeshi la Kongo kuwasaidia FDLR. Hakuna aliyepinga, na Somalia, mwanachama wa Jumuiya yetu, iliunga mkono. Lililotamkika New York lilishindikanaje Dar es Salaam?

Nitajibiwa kwamba msuluhishi hapaswi kuegemea upande. Sawa. Lakini hakimu anayemtaja mshtakiwa kwa jina hajaegemea popote, na asiyemtaja hana kesi ya kusikiliza.

Mwezi huohuo M23 iliwapa watu waliokuwa kambini saa 72 wawe wameondoka. Aliyetoa amri alikuwa mmoja, na ndiye aliyestahili kuambiwa aifute.

Nanyi maafisa mnaoandaa rasimu hizi (baadhi yenu mlikaa darasani kwangu), rasimu ijayo itawafikia mezani kabla ya kumfikia rais yeyote. Andikeni humo nani aache nini, wapi, na kabla ya tarehe ipi. Akitaka kulifuta jina mkubwa wenu, na alifute kwa kalamu yake mwenyewe.