Omena Wana Likizo, Mama Hana

Mei Mosi ikifika, Kisumu haipumziki. Benki zimefungwa, ofisi za serikali zimefungwa, lakini Kibuye kina mama wamepanga nyanya tangu alfajiri, bodaboda wa Kondele wanaita wateja kama kawaida, na jirani yangu wa Nyalenda ana gunia la omena kichwani. Mwaka jana nilimtania: "Mama, si leo ni sikukuu yenu? Pumzika basi." Akanijibu bila hata kusimama: "Nyathina, na tumbo nalo limepewa likizo?"

Sikuwa na jibu.

Huko Ulaya, Mei Mosi ilikuwa siku ya kukaribisha maua na jua baada ya baridi, hata kabla wafanyakazi hawajaifanya yao. Kwetu Mei ni masika. Mvua inanyesha, omena hawakauki, na wale wa akiba wanaota ukungu guniani. Juu ya hayo, sheria hufunga uvuvi wa omena ziwani kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Sipingi. Ziwa likiisha sote tumeisha. Lakini hebu piga hesabu na mimi. Omena ana likizo ya uzazi ya miezi minne. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa miezi mitatu, na mshahara wake juu. Mama anayeuza omena kwa gorogoro anapewa siku ngapi? Hakuna. Akijifungua Jumatatu, Ijumaa yuko sokoni na mtoto mgongoni.

Sasa fungua runinga Mei Mosi. Viongozi wako jukwaani Nairobi, COTU inadai nyongeza, rais anatangaza. Mwaka 2024 ilikuwa asilimia 6 ya mshahara wa chini. Watu wakapiga makofi. Lakini asilimia 6 ya nini, ikiwa huna mshahara? Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako kwenye sekta ya jua kali. Yaani tunasherehekea wafanyakazi kwa kutangaza habari isiyowahusu wafanyakazi wengi. Ni kama kualika kijiji kizima harusini halafu chakula kinapakuliwa meza moja.

Mimi pia niko nje ya meza hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, siku hizi naandika mtandaoni na kulipwa kwa idadi ya maneno. Nikiugua, maneno ni sufuri, pesa ni sufuri. Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnanielewa, tusidanganyane.

Najua nitakachoambiwa: chama hutetea wanachama wake, na watu wa jua kali hawahesabiki, leo wako hapa kesho kule. Uongo. Kaunti humpata jirani yangu kila asubuhi ikitaka ada ya soko. SHA imebuni njia ya kukadiria mapato ya mtu asiye na mshahara ili alipe bima ya afya. Kwa hiyo tunahesabika vizuri sana tukitakiwa kutoa. Tunapotea kwenye daftari tu zamu ya kupokea ikifika.

Na hii siku yenyewe ilianzishwa na nani? Waliogoma Chicago Mei 1886 wakidai saa nane za kazi hawakuwa na sheria ya kuwalinda. Mombasa, Januari 1947, makuli wa bandarini, watu wa reli na hata watumishi wa majumbani waligoma pamoja, wengi wao vibarua wa kutwa, na shirikisho lao likazaliwa humo humo kwenye mgomo. Hawakungoja karatasi ya mshahara ndipo wajiite wafanyakazi.

Kwa hiyo nataka mambo mawili, na siyo hotuba. Kwanza, anayefunga ziwa miezi minne aweke mfuko wa kuwafidia wanaofungiwa sufuria. Tumekubali kulinda samaki, basi gharama isibebwe na mama mmoja wa Nyalenda peke yake. Pili, COTU ina Chuo cha Kazi cha Tom Mboya hapa hapa Kisumu. Mei Mosi ijayo iweke darasa la kina mama wa omena na bodaboda: jinsi ya kusajili chama, kudai, kujadiliana na kaunti. Mboya mwenyewe amezikwa Rusinga, kisiwa cha ziwa hili hili. Heshima yake iko kwenye darasa kama hilo kuliko kwenye shada la maua.

COTU wasipofanya, tuanze sisi. Bodaboda wana vikundi vyao stejini, kina mama wana chama zao za kuchanga kila wiki. Watu wako, pesa kidogo iko, uaminifu uko. Kilichobaki ni kuacha kuomba ruhusa ya kuitwa wafanyakazi.

Jirani yangu bado anangoja jibu.