Ndugu hufanana sura, si utoto

Katika misiba yetu kuna karatasi isiyokosa: wasifu wa marehemu. Akifariki mzazi, mara nyingi huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtoto mmoja, mkubwa wao au yule aliyesoma zaidi, na kesho yake husomwa mbele ya waombolezaji kama kauli ya watoto wote. Ndugu waliokaa mstari wa mbele, wenye paji la uso lilelile na mwanya uleule, husikiliza kimya, na baadhi yao hujiuliza baba anayesimuliwa pale ni yupi. Mwandishi hakudanganya, kamwandika baba aliyemjua yeye. Tatizo ni kwamba tumeziamini mno sura. Tukiona ndugu wanafanana, tunadhani walilelewa nyumba moja na kijiji kimoja, na kwamba anachokumbuka mmoja kinatosha kuwasemea wote. Hakitoshi. Na familia nyingi zimelipia dhana hiyo kwa kununiana miaka mingi, na nyingine kwa kesi za mashamba.

Tuanze na damu yenyewe, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Kila mtoto huchukua nusu ya vinasaba vya baba na nusu ya vinasaba vya mama, ila nusu hiyo huchanganywa upya kwa kila mimba, kama karata kabla ya kugawiwa. Kwa hiyo tunaposema ndugu wa baba na mama mmoja wanachangia nusu ya vinasaba vyao, tunataja wastani tu. Mwaka 2006 mtafiti Peter Visscher na wenzake walichapisha vipimo vya maelfu ya jozi za ndugu, wakakuta kiwango halisi kinaanzia takriban asilimia 37 na kufika karibu 62. Yaani katika uzao uleule, dada anaweza kuwa karibu zaidi na kaka mmoja kuliko mwingine kabla malezi hayajagusa chochote. Macho yetu nayo si mashahidi wa kutegemewa. Ukishaambiwa hawa ni ndugu, pua zinafanana papo hapo; usipoambiwa, huenda ungewapita njiani bila kugeuka.

Sasa tazama kijiji. Chukua familia ya Tanzania Bara iliyopata watoto kati ya mwaka 1962 na 1978. Kifungua mimba alikulia kwenye kaya iliyojitenga, shamba likianzia nyuma ya jiko na jirani akiwa ng'ambo ya bonde. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vilivyopangwa, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Kitinda mimba akapata akili akiwa kwenye nyumba zilizopangwa mstari kando ya barabara, kaya ya zamani ikiwa imeshageuka mahame. Mmoja anakumbuka mahindi yaliyochumwa mlangoni, mwingine anakumbuka safari ndefu ya alfajiri kwenda kulima. Ukiwasikia wote wawili wakisema "kwetu", utadhani wanataja mahali pamoja.

Shule nayo iliwatenga. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na wadogo wakajazana madarasani mbele ya walimu wa UPE, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba na kufundishwa ualimu kwa haraka. Dada yao mkubwa huenda aliishia darasa la nne, au hakusoma kabisa, kwa sababu kuna mtoto alitakiwa kubebwa mgongoni mama akiwa shambani. Mtoto huyo wa mgongoni ndiye anayesema leo kwamba wazazi wetu walitusomesha wote. Mbeleko ilikuwa ileile: kwa mmoja ni kazi iliyomfungia mlango wa shule, kwa mwingine ni usingizi. Na mzazi alibadilika pia. Baba wa miaka ya 1960 alikuwa kijana mkali wa fimbo. Yuleyule, katika uhaba wa sukari na sabuni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa mtu mzima aliyechoka kuchapa. Wakubwa wakisema mdogo alidekezwa, na mdogo akishangaa wanamzungumzia nani, hakuna mwongo kati yao.

Juu ya hayo, kumbukumbu yenyewe huhama kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa mwingine. Mwaka 2001 watafiti Sheen, Kemp na Rubin walichapisha matokeo kuhusu pacha watu wazima, ambapo kila mmoja alidai tukio lilelile la utotoni lilimpata yeye. Jambo hilo lilijitokeza hata kwa ndugu wasio pacha. Hadithi ikirudiwa mara nyingi jikoni, msikilizaji huishia kuwa mhusika. Ndiyo maana kaka mkubwa anaposimulia kwa uhakika, uhakika wake hauthibitishi kitu. Hata aliyeazima kumbukumbu husimulia hivyohivyo.

Wapo watakaosema mkubwa ni mkubwa, aliona mengi kabla wengine hawajazaliwa. Ni kweli, na hakuna anayetaka kumnyang'anya heshima yake. Lakini naye aliondoka mapema. Alipokwenda mjini kutafuta kazi au alipoolewa, aliyebaki na wazazi uzeeni, akawapeleka zahanati na kusikia walichokisema mwishoni, ni mdogo. Wengine watasema kufukua tofauti hizi ni kuwagombanisha watoto wa tumbo moja, na watakumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Methali hiyo ina hekima, ila inahusu ugomvi unaopita. Kinyongo cha dada aliyebeba wenzake mgongoni, asitajwe popote familia inapojisifu kwa elimu, hakipiti kwa kunyamaziwa. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba walichoshirikiana ni kingi mno: mama mmoja, sinia moja, njaa moja. Nakubali. Ila hata njaa hiyo, mkubwa aliijua kama idadi ya madebe yaliyobaki ghalani, na mdogo aliijua kama uji mwepesi.

Kwa hiyo familia zibadilishe desturi. Wasifu wa mzazi uandikwe na watoto wote, kila mmoja akileta tukio lake, na yanapotofautiana yaachwe yatofautiane. Wazee walio hai warekodiwe kwa simu, na watoto wao nao wasikilizwe mmoja mmoja, kwa maana barazani sauti ya mkubwa humeza nyingine. Kwenye ardhi umakini uwe mara mbili. Mkubwa ataonyesha mwembe wa mahame kuwa mpaka wa babu, mdogo atataja kiwanja walichopewa kijijini, na wote watakuwa wanasema kweli kuhusu nyakati mbili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977, hivyo kumbukumbu ya mwembe, hata ikiwa sahihi, haimalizi shauri. Ndugu waukague mpaka pamoja wakiwa na majirani wa umri mbalimbali, na makubaliano yapelekwe ofisi ya kijiji yakiwa na saini za wote, akiwemo yule ambaye siku zote huambiwa nyamaza, wewe hukuwepo.