Vijombo Vidogo na Vipimo vya Uwongo

Baadhi ya wazazi wanaotuletea watoto wao chuoni wametutaka tuwaelezee khabari za hivi vijombo vidogo vya kuchomeka katika kompyuta na simu, ambavyo siku hizi vimejaa madukani na mikononi mwa vijana wetu. Kuna flashi zisizozidi ukucha wa kidole gumba, kuna kadi za memori, kuna pawabenki za kuchajia simu njiani, kuna vitaa na vifeni, hata visahani vya kupashia chai moto. Hatutavieleza vyote, kwa sababu vingine havistahili wino. Tulilolikusudia ni jambo moja: kwamba kipimo kilichoandikwa juu ya vijombo hivi mara nyingi sicho kipimo kilichomo ndani yake, na kwamba watu wanapoteza kwa sababu hiyo vitu ambavyo havinunuliki tena.

Zamani kompyuta ilikuwa na matundu ya kila sura. La kibodi mbali, la kipanya mbali, la mashine ya kuchapia mbali. Mwaka 1994 makampuni saba, miongoni mwao Intel, Microsoft, IBM na NEC, yalianza kushauriana juu ya tundu moja litakalofaa kwa vyote, na mwezi wa Januari 1996 ikatolewa kanuni ya kwanza ya tundu hilo, nalo ndilo liitwalo USB. Katika mafundi walioongoza kazi hiyo alikuwamo Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa Bara Hindi. Ama kumbukumbu ya flashi yenyewe ni kongwe kuliko tundu lake. Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba huko Japani, aliieleza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984. Jina lake lilitokana na mwenzake mmoja, Shoji Ariizumi, ambaye alipoona jinsi yaliyomo yanavyofutika yote kwa mara moja alikumbuka mmweko wa taa ya kamera.

Mwaka 2000 kampuni ya Trek 2000 ya Singapore ilianza kuuza flashi za kuchomeka katika USB, na flashi za mwanzo za miaka ile zilichukua megabaiti 8. Msomaji akitaka kujua uchache wa kiasi hicho, basi ajue kwamba sauti ya msomaji wa Kurani iliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida hula megabaiti moja takriban kwa kila dakika moja. Flashi hiyo isingemaliza Suratu Yasin. Juzuu zote 30 kwa usomaji wa murattal huchukua saa kama 30, nazo kwa ubora huo ni gigabaiti 1.7 hivi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye usomaji wake kamili wa murattal ulitolewa mwaka 1961 na ukawa wa kwanza kurekodiwa wote, alihitaji santuri nyingi kwa kazi hiyo. Leo flashi ya gigabaiti 64 yaweza kuchukua khitma kama hiyo zaidi ya 30, na mwenye nayo akaitia mfukoni pamoja na funguo.

Tuseme neno moja juu ya visahani vya chai tulivyovitaja, kisha tuviache. Tundu la USB 2.0 la kompyuta hutoa umeme wa volti 5 na nusu ya ampea, yaani wati 2.5. Kikombe cha maji ya robo lita kikitiwa juu ya moto wa kiasi hicho, na lau usipotee hata kidogo, kitahitaji zaidi ya saa 8 kufika kuchemka, ilhali birika la umeme la wati 2000 hukichemsha katika dakika isiyotimia. Mwenye kununua kisahani hicho amenunua mchezo wa watoto, na hapana ubaya, maadamu amejua kuwa ni mchezo.

Turudi kwenye flashi, kwani huko ndiko kwenye khasara.

Nyumba moja tunayoijua ilikuwa na sauti za babu yao, Mungu amrehemu, zilizorekodiwa katika simu alipokuwa akiwasomesha wajukuu wake na kuwahadithia khabari za wazee waliopita. Simu ilipojaa, kijana wa nyumba hiyo alinunua flashi iliyoandikwa gigabaiti 512 kwa bei ambayo haikuzidi sahani mbili za biriani. Akahamisha sauti zote, akaona majina yake yamepangika sawasawa, kisha akazifuta zile za simuni. Miezi ikapita. Siku ya khitma ya marehemu jamaa walipokusanyika, flashi ikachomekwa ili wasikie sauti yake. Za mwanzo zikalia. Zilizobaki zikakataa moja baada ya moja; jina lipo, ukubwa umeandikwa, walakini ndani hamna kitu. Fundi aliyepelekewa flashi hiyo aliipima akakuta kwamba inachukua gigabaiti 8 tu. Mama wa kijana hakumlaumu mwanawe, na sisi pia hatumlaumu, kwani alifanya lile ambalo kila mtu hulifanya: alisoma maandishi ya juu akayaamini.

Ulaghai wenyewe hufanywa namna hii. Ndani ya kila flashi mna sehemu mbili: sehemu ya kuhifadhi, ambayo ndiyo ghala, na sehemu ndogo ya msimamizi, ambayo ndiyo inayojibu kompyuta inapouliza, "Ghala lako lachukua kiasi gani?" Kompyuta haiingii ghalani kuhakikisha. Huambiwa, ikaamini. Basi mlaghai huchukua flashi ya gigabaiti 8, akabadilisha programu ya msimamizi ili ijibu 512, au hata terabaiti 2, kisha akachapa ganda zuri lenye namba hiyo hiyo. Mtu akiihamishia vitu vyake, vya mwanzo huingia salama. Ghala likishajaa, msimamizi haikiri; huendelea kupokea, na kinachopokewa ama hutupwa, ama huandikwa juu ya kile kilichotangulia, kikaharibika na cha kwanza. Na kwa kuwa orodha ya majina huandikwa mwanzoni mwa flashi, pahala penye kumbukumbu ya kweli, majina yote husalia yakimtazama mwenye mali kana kwamba hapana lililotokea.

Wasomaji wetu wanakijua kile kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vikatoka na umaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua, naye akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona. Flashi ya namna hii ni lundo lile lile. Orodha ya majina ndiyo nafaka kavu ya juu, na aliye mbele ya kompyuta hana mkono wa kutia ndani.

Ila mkono upo, nao hauuzwi. Kuna programu iitwayo H2testw, iliyotolewa na gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't, ambayo hutumika katika kompyuta za Windows. Na kuna nyingine iitwayo F3, ya kompyuta za Linux na Mac. Zote mbili hupatikana bila ya malipo. Kazi yake ni kuijaza flashi tangu mwanzo hata mwisho kwa maandishi yanayojulikana, kisha kuyasoma tena yote na kuyalinganisha na yale yaliyoandikwa. Palipokosekana hata herufi moja husema. Kijana yeyote wa sekondari ataiweza kazi hii, na tungependa vijana wetu waifanye kwa ajili ya wazee wao kabla wazee hawajaomba. Ifanywe flashi ikiwa tupu, siku ya kununuliwa, kabla haijatiwa chochote. Wala asifanye haraka. Flashi inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, ikiwa ni ya gigabaiti 64, itachukua saa moja na dakika 46 kujazwa tu, kisha kuna wakati wa kusoma. Huachwa usiku, ikatazamwa baada ya Alfajiri.

Na asiye na programu hizo afanye lililo jepesi: akishahamisha vitu vyake, asifute vya asili mpaka amefungua alivyovihamisha, si kwa kuona majina, bali kwa kuvisikiliza na kuvitazama, vya mwisho kama vya mwanzo.

Lakini tusiwadhulumu watengenezaji waaminifu. Mtu akinunua flashi ya gigabaiti 64, kompyuta ya Windows ikamwandikia 59.6, hajapunjwa. Kiwandani wamehesabu kwa elfu ya kumi kumi, na kompyuta huhesabu kwa 1024. Kitu ni kile kile kwa vibaba viwili tofauti. Jambo la kutilia shaka ni jingine: terabaiti 2 zikiuzwa kwa bei ya gigabaiti 16, au jina la kampuni kubwa limeandikwa kwa kukosewa herufi, au muuzaji anakataa flashi isijaribiwe.

Kwa hili la muuzaji tuna la kuongeza. Hatusemi kwamba kila mwenye duka ni mlaghai. Wengi hununua kwa katoni, nao wamedanganywa kabla ya wateja wao. Walakini akishajua kuwa katoni ile ni mbovu, hawezi kuendelea kuiuza akasema, "Mimi nami niliuziwa." Mnunuzi aliyeona aibu iliyokuwamo tangu dukani ana haki ya kurudisha kitu akapewa fedha zake, nayo ni khiyari ya aibu inayojulikana katika vitabu vyetu vya fikihi. Na iliyo bora zaidi ni kutangulia. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni ruhusa mnunuzi na muuzaji washurutishane khiyari isiyozidi siku 3, ndani yake mmoja wao akitaka huvunja biashara. Siku 3 zatosha kupima flashi yoyote. Mwenye kwenda dukani aseme kwa upole, kabla hajatoa fedha, kwamba ananunua kwa sharti hilo. Jibu atakalopewa litamweleza mengi kuliko maandishi ya ganda.

Pawabenki nazo zina ulaghai wa aina hiyo, ila dawa yake ni nyepesi, kwani yatosha mizani. Kipimo chake huandikwa kwa herufi mAh. Nyingi hujengwa kwa betri za mviringo ziitwazo 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri moja ya namna hiyo, iliyo bora, huchukua mAh 3500 hivi, na uzito wake ni gramu 45 mpaka 50. Basi pawabenki ya kweli ya mAh 20,000 haiwezi kuwa na betri chini ya 6, na betri peke yake zitafika gramu 270, kabla ganda halijahesabiwa. Hata zile zilizojengwa kwa betri bapa uzito wake kwa kawaida hauendi mbali na huo. Ukiiweka juu ya mizani ya duka la jirani ikasoma gramu 120, hapana haja ya fundi. Na uzito nao wapo wanaoughushi, kwani zimefunguliwa pawabenki zikakutwa zimetiwa mchanga. Ukitikisa ukasikia kitu kinasogea, irudishe.

Hapa pia pana hesabu ya halali ambayo watu huilalamikia bure. Betri za ndani ni za volti 3.7, na simu hupewa volti 5, na katika kugeuza mna umeme unaopotea kwa joto. Kwa hivyo pawabenki ya kweli ya mAh 10,000 humfikishia mwenye simu 6,000 na kitu.

Wanaosafiri kwa Hija na Umra wana haja zaidi ya kulijua hili, kwa kuwa mashirika ya ndege yana kanuni zake. Pawabenki haitiwi katika masanduku yanayokabidhiwa, hubebwa mkononi. Kipimo kinachoruhusiwa bila ya idhini ni wati-saa 100. Kuanzia hapo mpaka 160 huombwa idhini ya shirika la ndege. Inayozidi 160 haipandi. Hesabu yake ni kuzidisha mAh kwa 3.7 kisha kugawa kwa 1000, hivyo mAh 20,000 ni wati-saa 74, na hapana taabu. Lakini zile zilizoandikwa mAh 50,000 hufika 185. Askari wa uwanja wa ndege hana mizani ya kujua kwamba ndani mna betri mbili tu. Husoma maandishi ya juu, akaichukua, na haji akabaki na simu isiyo na chaji hata kabla hajapanda ndege.