Bahasha za Mapadre wa Manowari



Nyumbani kwetu bahasha kuukuu haina kazi. Barua ikisha kusomwa, bahasha huwashiwa moto, au mtoto huifanya tiara. Hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini wako watu, hasa Marekani na Uingereza, wanaozitafuta bahasha za Vita Kuu ya Pili kama yule mama aliyetafuta shilingi yake iliyopotea. Na baadhi yao hutafuta za namna moja tu, yaani bahasha walizozipeleka makapelani wa manowari.

Wakati wa vita baharia hakuruhusiwa kuandika meli yake iko wapi, wala inakwenda wapi. Neno moja likimfikia adui laweza kuzamisha watu elfu. Kwa hiyo afisa wa melini alizisoma barua za mabaharia, akakata maneno yasiyofaa, akapiga juu ya bahasha muhuri wa mkaguzi, na ndani ya muhuri akatia herufi za jina lake. Posta za manowari za Marekani nazo zilikuwa na muhuri wenye jina la meli. Vita vilipowafikia jina hilo likaondolewa, pakabaki jina la jeshi la majini na tarehe tu. Tena tangu Aprili 1942 askari wa Marekani hakuhitaji stempu kwa barua ya kawaida ya kwenda kwao. Aliandika neno la kusema ni bure pale penye stempu, nayo ikaenda.

Basi mtafutaji ataanzia wapi, ikiwa kila kitu kimefichwa? Ataanzia pembeni, juu, mkono wa kushoto, ambapo mwandishi alitakiwa aandike jina na cheo chake. Kapelani aliongeza herufi ChC. Herufi hizo hazisemi kama ni padre, maana wachungaji wa Kiprotestanti na marabi wa Kiyahudi walikuwa nazo vilevile. Lakini jina lipo, na tarehe ipo. Mtafutaji atalipeleka jina kwenye orodha za makapelani, na tarehe ataipeleka kwenye madaftari ya safari za meli, ambayo siku hizi mtu aweza kuyasoma. Hapo karatasi iliyokatazwa kutaja bahari yoyote inakubali kusema: siku ile padre huyu alikuwa mahali fulani.

Liko jambo moja linalonisumbua. Katika meli nyingine kapelani naye alipewa kazi ya ukaguzi. Fikirini wenyewe: asubuhi baharia anapiga magoti kwake aungame, na jioni padre yuleyule anaifungua barua ya mtu huyo kwa mkewe. Siri ya kitubio imefungwa na Mungu. Barua inafunguliwa kwa amri ya jeshi. Kesho watapishana katika ujia mwembamba wa meli, kila mmoja akijua mwenzake anajua nini. Wengine watasema afadhali barua isomwe na padre kuliko na afisa mwenye kucheka. Labda. Lakini mimi naona mzigo ule haukumfaa mtu wa altare.

Padre Aloysius Schmitt wa Jimbo la Dubuque hakuuona ukaguzi huo wa vita. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941 alikuwa amekwisha kusoma Misa katika manowari Oklahoma, huko Pearl Harbor, Wajapani waliposhambulia. Meli ikapinduka. Alikuwa pamoja na mabaharia wengine katika chumba chenye dirisha dogo tu. Akawasukuma nje mmoja mmoja, watu 12. Wenzake walipojaribu kumvuta yeye, akakwama. Akaomba arudishwe ndani ili wengine wapate kupita. Watu 429 wa meli ile walikufa. Ziko bahasha walizopelekewa mabaharia wa siku ile, zikarudi kwa wenyewe bila kufunguliwa. Mifupa ya Padre Schmitt ilitambuliwa mwaka 2016, akazikwa katika kanisa la chuo alichosoma huko Dubuque, baada ya miaka 75 kasoro kidogo.

Mwingine ni Padre Joseph O'Callahan, Myezuiti, mwalimu wa hesabu. Tarehe 19 Machi 1945 manowari yake Franklin, yenye kubeba ndege, ilipigwa mabomu karibu na Japani. Watu zaidi ya 700 walikufa. Padre aliwapaka wanaokufa Mafuta Matakatifu, kisha akashika mpira wa maji pamoja na wengine kuyapoza mabomu yaliyokuwa yakipata moto. Mwaka 1946 Rais Truman alimvika nishani iliyo kuu kuliko zote za Marekani. Watu hukumbuka nishani. Mimi hukumbuka dada yake, mtawa wa shirika la Maryknoll, aliyekuwa ameshikwa na Wajapani katika Ufilipino. Padre aliyewaandikia wazazi wa marehemu naye alikuwa mtu wa kungoja barua ya nyumbani. Masista wa shirika hilohilo ndio waliofika Kowak, upande wa Musoma, mwaka 1948.

Na askari wetu wa KAR waliopigana Burma mwaka 1944, barua zao nazo zilipita mikononi mwa wakaguzi. Ndugu msomaji, ukikuta moja ndani ya kasha la babu, usiibandue stempu wala usiisafishe kwa maji. Iache nzima, barua na bahasha yake pamoja, uiweke mbali na mchwa na moshi wa jikoni. Na kama babu yungali hai, mwulize ni nani aliyemwandikia.